Pesa ya mziki wa gari: sabufa, milango ya mbele au kuseti?

Mwezi wa Novemba, pesa za minada ya korosho zikianza kuingia, magari hupanga foleni mbele ya kibanda changu hapa Magomeni, Mtwara. IST, Noah, Probox, na siku nyingine Fuso iliyotoka kushusha magunia. Wenye magari wengi huja na uamuzi wao tayari: sabufa. Kama haipo, iwekwe. Kama ipo, iongezwe ya pili.

Msimu uliopita alikuja kijana wa Naliendele na IST yake. Kwenye buti alikuwa na sabufa ya inchi 12 pamoja na amplifaya, na mfukoni alikuwa na pesa ya kununua nyingine. "Mjomba, nikikaa kwenye siti besi siisikii vizuri. Nikisimama nyuma ya gari, vioo vinatetemeka. Naona sabufa moja haitoshi." Nikamwomba dakika chache kabla hatujaongea habari za pesa. Nilifungua paneli za milango ya mbele, nikachomoa nyaya za spika kwenye redio, nikachukua betri ya tochi ya volti 1.5 na kuigusisha kwenye nyaya hizo, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Koni ya spika ya kulia ikasogea nje kidogo, kama kifua cha mtu anayevuta pumzi. Ya kushoto ikarudi ndani.

Aliyezifunga spika zile aligeuza nyaya za mlango mmoja. Kwa hiyo spika moja ikisukuma hewa, mwenzake anaivuta, na besi ya milango inafia njiani kabla haijamfikia dereva vizuri. Nikageuza nyaya, nikarudisha paneli. Kijana akawasha wimbo uleule aliokuja nao, akauacha uende mpaka mwisho bila kusema neno. Pesa ya sabufa ya pili akarudi nayo Naliendele.

Nauandika ulinganisho huu kwa ajili ya wenye pesa kama ile mfukoni. Pesa ya mziki wa gari ina njia tatu kubwa za kutokea: sabufa na amplifaya yake, spika za mbele na milango inayozishika, au kazi ya kuseti vitu ambavyo tayari unavyo. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kuseti kwanza, milango ya mbele pili, sabufa tatu. Wapo wanaopaswa kuupindua mpangilio huo, na nitawataja.

Redio kwanza, maana kila sauti inapita hapo

Magari yetu mengi yametoka Japani, na redio ya Japani hushika FM kuanzia megahezi 76 hadi 90. Za karibuni hufika 95. Stesheni zetu ziko kati ya 87.5 na 108. Ndiyo maana gari likitoka bandarini unapata stesheni mbili tatu, au hupati kitu.

Hapo una chaguo tatu. La kwanza ni ekspanda, kile kiboksi kidogo kinachofungwa kwenye waya wa antena na kushusha mawimbi kwa kiasi maalumu. Ikishusha kwa megahezi 12, stesheni ya 100 itasomeka 88 kwenye kioo. Ni rahisi na haikatwi waya wowote wa gari. Lakini inatibu FM tu. Redio yenyewe inabaki ileile, mara nyingi bila sehemu ya flashi, na maandishi yake ni ya Kijapani.

La pili ni redio ya tachi ya Android. Watu wanaipenda kwa kioo, ramani na kamera ya nyuma, na siwalaumu. Kwa upande wa sauti, hizi ndizo zinazotofautiana kuliko zote. Ipo yenye DSP ya ndani, kifaa cha kupanga sauti kidijitali, yaani ina ukurasa wa kuchelewesha sauti ya kila spika na kuzigawa sauti nyembamba na nene. Ipo pia ambayo sura ni hiyohiyo, lakini ukizima nyimbo na kuongeza volyumu unasikia mchirizo wa umeme muda wote. Kabla hujalipa, mwambie muuzaji aiwashe, akufungulie ukurasa wa sauti. Ukikuta ikwalaiza peke yake, jua umenunua kioo.

La tatu ni redio ndogo ya kampuni inayojulikana kwa mziki wa magari, kama Pioneer au Kenwood. Haina kioo kikubwa. Ila nyingi zina kroso ova ndani, yaani kigawa sauti nene na nyembamba, na zinatoa ishara safi kwa amplifaya. Mtu akiniambia anataka sauti na pesa yake ni ndogo, namwelekeza huku.

Jambo moja linawachanganya wengi. Kwenye boksi la redio imeandikwa wati 50 mara nne. Hizo ni wati za kilele, za kufumba na kufumbua. Umeme wa gari likiwa linawaka ni volti 14 na kitu, na kwa spika ya omu 4 umeme huo hauwezi kutoa sauti safi inayozidi wati 26 hivi. Ukitoa na upotevu wa ndani, unabaki na wati kama 20 kwa kila spika. Wati 20 zilizosetiwa vizuri kwenye mlango uliozibwa zinamtosha dereva wa kawaida wa Mtwara mjini. Nimeyasema haya kwa wateja wengi, na wengi huamini wakishasikia.

Sabufa na milango ya mbele, uso kwa uso

Tuanze na hesabu ya nguvu, kwa sababu ndiyo inayokula pesa za watu. Ukiongeza wati maradufu, kutoka 300 hadi 600, sauti inapanda desibeli 3 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Sikio linaitambua tofauti hiyo kwa shida kidogo. Ili usikie sauti imekuwa kubwa mara mbili, unahitaji kama desibeli 10, yaani wati mara kumi. Sasa weka pembeni spika mbili: moja ina usikivu wa desibeli 87 kwa wati moja, nyingine 92. Tofauti hiyo ya 5 ni sawa na kuzidisha amplifaya zaidi ya mara tatu, na hujaongeza hata waya. Namba hiyo huandikwa kwenye boksi la spika, kwa maandishi madogo, wakati wati za kilele zimechorwa kwa rangi nyekundu. Soma ile ndogo.

Mlango nao una habari yake. Koni ya spika hupiga pande mbili: ikisukuma hewa mbele, nyuma inavuta. Na mlango wa gari umejaa matundu. Kuna ya mota ya kioo, ya kitasa, ya nyaya, na yale makubwa ambayo kiwanda kimeyafunika kwa nailoni nyembamba. Sauti ya nyuma inapenya humo, inakutana na ya mbele, zinauana. Juu ya hapo, bati la mlango lenyewe linatetemeka na kutoa sauti yake. Gonga mlango wa Probox kwa kifundo cha kidole utasikia debe. Spika ya bei yoyote ukiifunga kwenye debe, debe litaimba pamoja nayo.

Dawa yake ni karatasi ya butili yenye foili. Unaosha bati la ndani kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke cheupe, unabandika karatasi, unaikandamiza kwa rola mpaka mistari ya foili ilale. Halafu unaziba yale matundu makubwa. Chini ya spika unaweka ringi ngumu isiyovuja hewa. Ringi ya mbao zilizosagwa mimi siiweki tena bila kuipaka rangi ya mafuta pande zote, kwa sababu maji ya mvua huingia ndani ya mlango kupitia kwenye kioo, na mbao ile ikinywa maji inavimba na kuachia skrubu. Na tafadhali, vile vitundu vidogo vya chini kabisa ya mlango usivizibe. Hapo ndipo maji yanapotokea. Nimefungua mlango wa gari moja la Lindi mjini, aliyeufanyia kazi aliziba kila kitu. Ukingo wa chini ulikuwa umeliwa na kutu mpaka bisibisi ikapenya bila nguvu.

Mlango ukishafanyiwa hivyo, besi inayotoka humo huwashangaza watu. Sauti ya mwimbaji inatoka mbele yako, siyo magotini. Kinanda cha taarabu unakisikia kikipumua. Na mazungumzo ya redio, ambayo ndiyo madereva wengi wanasikiliza muda mrefu kuliko nyimbo, yanaeleweka hata ukiwa kwenye mwendo na vioo viko chini.

Sabufa inashinda wapi? Inashinda kule chini kabisa. Spika ya mlango ya inchi 6 na nusu haiwezi kupiga hezi 40 kwa nguvu bila kujiumiza. Kama moyo wako uko kwenye singeli, au ngoma nzito za bongo fleva za siku hizi, milango peke yake itakuacha na njaa. Hapo sabufa ni haki yako. Ila chagua boksi kwa kujua unachosikiliza. Singeli hupita mapigo 200 kwa dakika, na boksi lililozibwa kabisa hupiga na kuacha mara moja, kwa hiyo kila pigo unalisikia peke yake. Boksi lenye tundu hutoa kelele kubwa zaidi kwa wati zilezile, lakini ni kubwa, linahitaji hesabu sahihi ya ujazo na urefu wa bomba, na likikosewa, mapigo ya haraka yanageuka mvumo mmoja usio na kichwa wala miguu. Kwa gari la nyumbani mimi nachagua boksi lililozibwa, sabufa ya inchi 10. Kwa gari la matangazo, au mtu anayependa kufungua buti ufukweni Msimbati watu wakasikia, lenye tundu lina maana.

Kuseti: kwa sikio, kwa mita, au kwa DSP

Hapa ndipo ninapotaka tukae, kwa sababu ndipo penye faida kubwa kwa pesa ndogo, na ndipo watu wanaporuka.

Kitufe cha gein kwenye amplifaya si volyumu. Kazi yake ni kulinganisha ishara ya redio na uwezo wa amplifaya. Ukikipandisha kupita kiasi, amplifaya inafika mwisho wa uwezo wake mapema, vilele vya mawimbi vinakatwa, na koili ya spika inapata joto lisilo na sauti ya maana. Harufu ya koili iliyoungua ukiinusa mara moja huisahau. Spika nyingi zinazoletwa kwangu "zimekufa" zimeuawa na gein, siyo na wati.

Kuseti kwa sikio ni hivi: besi, trebo na ikwalaiza yote weka sifuri, zima ile swichi ya kunenepesha sauti, pandisha volyumu ya redio mpaka kama robo tatu. Cheza wimbo uliorekodiwa vizuri. Pandisha gein polepole mpaka usikie sauti inaanza kukwaruza, kisha rudisha nyuma kidogo. Ni bure, na unaweza kuifanya mwenyewe Jumapili chini ya mwembe. Udhaifu wake uko kwenye besi. Sikio la binadamu huchelewa sana kusikia besi ikipasuka. Ukija kusikia, sabufa imeshateseka.

Kuseti kwa mita hakutegemei sikio. Unachomoa spika kwenye amplifaya, unaweka kwenye flashi mlio wa hezi 50 kwa amplifaya ya sabufa, au hezi 1000 kwa amplifaya ya milango. Mita unaiweka kwenye volti za AC, ncha zake kwenye matundu ya spika. Volti unayotafuta unaipata kwa kuzidisha wati kwa omu, kisha unachukua kipeuo cha pili. Wati 50 kwa omu 4 inakuwa 200, kipeuo chake ni volti 14.1. Sabufa ya wati 300 kwa omu 4 inakuwa 1200, yaani volti 34.6. Volyumu ya redio iko robo tatu, unapandisha gein mpaka mita isome namba hiyo, basi. Weka alama kwa kalamu ya rangi, na mwenye gari asikiguse tena kitufe hicho. Tumia wati za kudumu za kifaa, zile ndogo, usitumie za kilele, la sivyo hesabu itakudanganya. Mita ya kawaida inauzwa kwenye maduka ya vifaa vya umeme na bei yake haifikii hata spika moja nzuri. Kati ya njia zote tatu, hii ndiyo inayolinda vifaa vyako zaidi.

Baada ya gein inakuja kroso ova. Swichi yenye herufi HPF huzuia besi isiende kwenye spika ndogo. Yenye LPF huzuia sauti nyembamba zisiende kwenye sabufa. Kama una sabufa, anza na hezi 80 pande zote mbili. Kama huna, milango iache ishuke mpaka 50 au 60. Twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, ikipewa besi inakufa siku hiyohiyo, kwa hiyo kapasita yake ndogo usiitoe kwa kudhani inapunguza sauti. Na ikwalaiza, tafadhali, itumie kupunguza kuliko kuongeza. Kila desibeli 3 unayoongeza inadai wati maradufu. Ukiweka besi kwenye 6 umedai wati mara nne kutoka kwenye redio ile ya wati 20. Sauti ya mwimbaji ikizama, usimpandishe yeye. Shusha kilichomfunika.

DSP ndiyo hatua ya mwisho, na inafanya jambo moja ambalo sikio na mita haviwezi. Sisi usukani uko kulia. Spika ya mlango wa kulia iko karibu na dereva, ya kushoto iko mbali. Kwenye IST niliyopima karibuni kwa futi, ya kulia ilikuwa sentimita 95 kutoka sikioni, ya kushoto 145. Tofauti sentimita 50. Kwa joto la huku, nyuzi 30, sauti hukimbia kama mita 349 kwa sekunde, hivyo ya kushoto inachelewa karibu milisekunde 1.4. Ni muda mdogo, lakini ubongo unautambua, na ndiyo maana mwimbaji anasikika kama amekaa kwenye kioo cha pembeni cha kulia. Watu hujaribu kutibu kwa balansi, wanapunguza kulia. Balansi inapunguza nguvu, haibadilishi muda wa kufika. DSP inaichelewesha spika ya kulia kwa milisekunde 1.4, zote zinafika pamoja, na mwimbaji anahamia katikati ya dashibodi. Mara ya kwanza kuisikia niliinama nikatafuta spika pale katikati. Haikuwepo.

Ubaya wa DSP ni huu: imemtengenezea dereva peke yake. Abiria wa kushoto, ambaye spika yake ya karibu ndiyo ya kushoto, anasikia vibaya kuliko mwanzo. Kwa mtu anayeendesha peke yake Mtwara hadi Lindi, kilomita 100 na zaidi kidogo, ni zawadi. Kwa Noah ya abiria ya Masasi ni pesa iliyopotea. Pale weka spika zilizosambaa vizuri, zote kwa nguvu ndogo, asiwepo wa siti ya nyuma anayepigiwa kelele sikioni ili wa mbele asikie. Na DSP kwenye mlango ambao haujazibwa haina kazi. Hakuna milisekunde itakayonyamazisha debe. Programu za simu za kupima sauti zinasaidia kuona sehemu zilizozidi, ila maikrofoni ya simu imetengenezwa kwa ajili ya maongezi, na kule chini kwenye besi usiiamini.

Waya, na hewa yetu ya chumvi

Fundi wa bara anaweza kuiruka sehemu hii. Sisi wa Mikindani, Lindi na Kilwa hatuwezi.

Kuna waya wa shaba tupu na kuna waya wa alumini uliopakwa shaba juu. Kwa macho vinafanana mpaka uuchune na kukwaruza nyuzi kwa wembe: ukiona weupe ndani, ni alumini. Alumini hupitisha umeme kwa asilimia 61 tu ya shaba, kwa hiyo unene uleule unabeba mzigo mdogo zaidi. Kwa bara unaweza kununua alumini nene zaidi na ukaishi. Pwani, ncha zake zikipata hewa ya chumvi zinachakaa upesi, muunganiko unalegea, unapata joto. Hapa sina maneno mengi: nunua shaba, hata kama ni fupi na amplifaya itabidi ikae chini ya siti badala ya buti.

Waya wa hasi uufunge kwenye bati tupu. Chukua msasa, chubua rangi mpaka bati ling'ae upana wa sarafu, kaza bolti, kisha paka grisi juu ili chumvi isipate mlango. Nusu ya mivumo ninayoletewa, ile inayopanda ukikanyaga mafuta, asili yake ni hasi iliyofungwa juu ya rangi, au iliyoota ile ukungu ya kijani. Nyingine inatokana na nyaya za ishara kulazwa pamoja na waya mkubwa wa moto. Zipitishe pande tofauti za gari.

Fyuzi ya waya mkubwa iwe karibu na betri, isizidi sentimita 45. Niliwahi kuletewa gari lililofungwa mahali pengine bila fyuzi kabisa. Waya ulikuwa umesuguana na bati pale unapoingia ndani kutoka kwenye boneti, ngozi yake imeyeyuka, na zulia la miguuni limeungua tundu la ukubwa wa kiganja. Mtoto wa mwenye gari alikuwa anakaa siti hiyo. Ukienda kwa fundi yeyote, mimi nikiwemo, mwambie akuonyeshe fyuzi iko wapi kabla hujalipa.

Basi wewe uchague nini?

Mwenye gari la nyumbani na redio ya Japani, spika za kiwandani, pesa kidogo: usinunue sabufa. Pima nyaya za spika kwa betri ya tochi, ziba milango miwili ya mbele, weka spika mpya za mbele zenye usikivu mkubwa, seti kwa sikio. Za nyuma ziache zilivyo, na uzipunguze kwa feda, kile kitufe cha redio kinachogawa sauti mbele na nyuma.

Mwenye sabufa tayari na haridhiki: pesa yako isiende dukani. Ipeleke kwenye mita na saa mbili za fundi. Pindua swichi ya fezi ya sabufa, ile inayogeuza mwelekeo wa mapigo yake, sifuri na 180, ukiwa umekaa kwenye siti yako. Ile inayokupa besi nene zaidi ndiyo yako. Jaribio hilo ni bure.

Kijana wa singeli anayelipwa kwa minada miwili: malipo ya kwanza yatengeneze milango na waya wa shaba, ya pili yanunue sabufa ya inchi 10 na boksi lililozibwa. Ukianza na sabufa, utakuwa na besi isiyo na mwimbaji mpaka mnada mwingine.

Dereva wa safari ndefu, Mtwara hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500: wewe ndiye ninayekuambia upindue mpangilio wangu. Anza na kuziba milango na sakafu, hata kabla ya kuseti, kwa sababu kelele za barabara ndizo zinazokufanya upandishe volyumu. Sikio la mtu linavumilia desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3, muda huo unakatika nusu: 88 kwa saa 4, 91 kwa saa 2, 100 kwa dakika 15. Safari yako ni ya siku nzima. Gari tulivu linakuruhusu kusikiliza chini ya hapo na kusikia kila neno, hata honi ya lori lililo nyuma yako.

Na mwenye bajaji, maana nanyi mnakuja wengi: bajaji haina mlango, haina boneti, na altaneta yake ni ndogo. DSP haina pa kufanyia kazi, na sabufa ya inchi 12 itakula betri kabla hujamaliza zamu ya jioni. Chukua spika mbili za inchi 6 na nusu zenye koni ya plastiki isiyonywa maji, kila moja kwenye kaboksi kake kadogo kaliozibwa, amplifaya ndogo ya daraja D ambayo haipotezi umeme mwingi, HPF kwenye 80, na viungio vyote vipakwe grisi. Vifunge nyuma ya mgongo wa abiria, vikiangalia mbele, usawa wa kiuno na siyo wa masikio. Taa zikififia kila besi inapopiga, shusha gein mpaka ziache kufifia.